Nani Aliwaua Samaki wa Bondeni

Nyinyi mliobaki ofisini mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Nimekubali, lakini msitarajie kwamba mkifika mwisho mtakuwa mmeelewa. Maisha yangu yote ya kazi nimetembea kando ya mito ya Kericho na Bomet nikitafuta mahali ambapo mtu anaweza kutupa ndoano akarudi nyumbani na kitu, na nimestaafu na maswali mengi kuliko niliyoanza nayo. Vyeo sitavitaja, vilikuja vimechelewa. Mshahara mnaujua.

Nilizaliwa karibu na Mogogosiek, katika familia ya chai na ng'ombe. Kwetu hatukula samaki. Kogo, yaani bibi yangu, alisema samaki ni nyoka aliyeona haya akaenda kujificha majini. Kwa hiyo nilipopata kazi Idara ya Uvuvi, mama aliniangalia kama mtu aliyepotea njia.

"Watakupeleka Kisumu?" akauliza.

"Hapana mama. Ni hapa hapa Kericho."

"Hapa utavua nini? Majani chai?"

Siku ya kwanza nilienda kazini na swali hilo kichwani, nikalikuta pia kwa mkubwa wangu.

Huyo mkubwa wangu alikuwa Mzee Ochieng', mtu wa ziwani, aliyezaliwa mahali ambapo ukifungua mlango unaona maji mpaka mwisho wa macho. Alikuwa amekaa Kericho miaka mingi na bado hakuwa ameisamehe baridi yake. Alivaa sweta, juu yake koti, juu yake koti la mvua, hata siku ya jua. Maji ya kwetu yalimtatiza kabisa. "Ziwa linakaa mahali moja, unalizoea," aliniambia. "Haya ya kwenu yanakimbia kama mtu aliyeiba."

Asubuhi hiyo alinitandazia ramani mezani, kazi yake mwenyewe ya kwenda mto hadi mto akiuliza wenyeji. Alinionyesha kwa kidole. "Huu unaitwa Ainet. Na huu, upande wa Sotik, nao unaitwa Ainet. Kuna mwingine karibu na Silibwet, Ainet. Nimeshangaa sana. Watu wenu hawana majina?"

Nilijaribu kujizuia nikashindwa. Nilicheka mpaka nikashika meza. "Mzee, ainet ni mto. Kwa Kikipsigis, mto ni ainet. Ulipowauliza hii ni nini, walikuambia."

Akaikunja ramani taratibu, akaiweka kabatini, akaenda kunywa chai. Hatukuzungumza tena mpaka saa za kwenda nyumbani. Kesho yake alinikabidhi gambuti, ndoo, kipimajoto kilichofungwa kwenye uzi, na ile sahani ya rangi nyeupe na nyeusi ya kuzamisha majini ili ujue maji ni safi kiasi gani, akasema, "Twende tuanze upya. Wewe utauliza."

Basi nikawa ninauliza. Lakini msidhani mambo yalinyooka. Mto mmoja una jina lake juu msituni, jina jingine ukipita kwenye mashamba ya chai, na jina la tatu kule chini kwenye mahindi, na kila mtu anaapa kwamba lake ndilo la kweli. Siku moja mzee mmoja wa Konoin alikuja mpaka ofisini akasema kwao kuna "damu kubwa sana" ambayo serikali inapaswa kuiona. Mzee Ochieng' alipiga simu kwa polisi kabla hajavaa koti. Tulipofika tukakuta ni bwawa, dam ya kunyweshea ng'ombe, imetulia na mayungiyungi yake, na askari wawili wakiiangalia kwa huzuni.

Mzee Ochieng' ndiye aliyenifundisha kuuliza. Alisema usimwulize mtu "Hapa kuna samaki?" Mkipsigis mwenye adabu atakujibu ndiyo ili asikuvunje moyo, na mwingine atakujibu hapana ili usirudi. Mwulize, "Mara ya mwisho ulipokuja hapa uliona nini majini?" Halafu nyamaza, hata kama ananyamaza yeye pia. Mimi nimeitumia njia hiyo mpaka mwisho. Inasaidia mara nyingi, si mara zote. Kuna mama mmoja upande wa Chepilat nilimwuliza hivyo akanijibu, "Niliona uso wangu," na hapo mahojiano yakaisha.

Samaki wenyewe nao hawakutusaidia. Tulikuwa tunatafuta trauti, yule samaki wa maji baridi mwenye madoa, aliyeletwa na wazungu zamani ili wapate mchezo wa Jumamosi. Tuliambiwa wamo katika kijito fulani chini ya kiwanda cha chai. Tukaenda, tukatega wavu, tukatupa ndoano, tukapima joto la maji, likawa zuri. Wiki nzima hatukupata hata mmoja. Siku ya mwisho Mzee Ochieng', kwa hasira, akamwaga mabaki ya githeri yake, mahindi na maharagwe, kijitoni ili aoshe mkebe. Maji yakachemka. Trauti, wakubwa kama mkono wangu, walitokea chini ya mawe wakala maharagwe yote, wakaondoka. Mzee Ochieng' akakaa juu ya jiwe na mkebe wake.

"Andika wapo," akasema.

Tukarudi mwezi uliofuata na githeri nyingi zaidi. Hakuna kilichotokea. Tukaandika wapo, kwa sababu tuliwaona kwa macho, lakini kama mtu angeniuliza kwa nini siku ile na si siku nyingine, ningembabaisha tu. Mpaka leo ningembabaisha.

Mzee Ochieng' alistaafu akarudi ziwani kwake. Siku ya kuniaga aliniambia neno moja tu la kazi: "Chelangat, ukiwa hujui, sema hujui. Lakini usiseme ukaondoka. Sema, halafu kaa hapo." Nililichukulia kama neno la mzee aliyechoka. Nilikuja kulihitaji baadaye, baada ya serikali za kaunti kuanza, katika ile kesi ya bwawa la bondeni ambayo mmekuwa mkiniuliza kila mara tukinywa chai. Sasa niwaeleze yote.

Bwawa hilo liko nje ya Silibwet, bondeni kati ya mashamba ya chai. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe. Nililipitia katika ile kazi yetu ya kutafuta mahali pa uvuvi nikaona linafaa: maji ya kudumu, kina cha kutosha, barabara karibu. Niliandika kwamba likipandwa perege linaweza kuleta wavuvi wa ndoano kutoka mjini siku za wikendi. Wengi niliowaandikia hivyo walisoma wakasahau. Hawa hawakusahau.

Walikuwa watu wawili. Wa kwanza ni arap Koske, mwenyekiti wa kamati ya maji, mkulima wa chai, mrefu, mpole, mzee wa kanisa. Ng'ombe wake walikuwa wakinywa hapo tangu enzi ya baba yake. Wa pili ni Njoroge, ambaye wengi tulimwita Baba Shiru, mwenye duka la dawa za mifugo na mbegu pale Silibwet. Wazazi wake walitoka Kiambu, yeye akazaliwa hapa hapa. Alizungumza Kikipsigis vizuri kuliko vijana wengi wa Kikipsigis. Walikuwa marafiki. Njoroge alilichukua wazo, Koske akaleta watu, mimi nikaleta vifaranga vya samaki kwenye mifuko ya plastiki. Tulivimwaga siku moja pamoja, mchungaji akaomba, na mke wa Koske, Mama Kiptoo, akasimama mbali kidogo akiangalia vitu vile vikiingia kwenye maji ya ng'ombe wake.

Ilifanikiwa. Wavuvi walikuja na fimbo zao na viti vya kukunja. Vijana wakapata kazi ya kuchimba chambo. Koske alianza kula samaki, kwa siri mwanzoni, kwa sababu mama yake alikuwa bado hai.

Halafu ikaja Julai moja ya baridi kali. Mchana kutwa ilinyesha mvua ya mawe, ile yetu inayochana majani ya chai mpaka shamba linabaki kama limechezewa na mbuzi. Asubuhi iliyofuata Njoroge alinipigia simu. Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia.

"Madam, kuja. Samaki yote imekufa. Yote. Na watu wamejaa hapa."

Nilipofika ilikuwa inakaribia saa sita, kwa sababu ya matope. Bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Upande mmoja wa ukuta alisimama Njoroge na mkewe na wafanyakazi wake wachache. Upande mwingine alisimama Koske, na nyuma yake nusu ya kijiji. Vijana kadhaa walikuwa na majembe.

"Ni yeye," Njoroge akasema kabla sijashuka kwenye gari. "Wiki iliyopita alinunua dawa ya kupe kwangu. Mingi. Alikuwa analalamika wavuvi wanafukuza ng'ombe yake. Sasa angalia."

"Nilinunua ya kuogesha ng'ombe!" Koske akasema. Sauti yake, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda hata kanisani, ilipasuka. "Na dawa ilitoka kwa duka ya nani? Ndama yangu imekufa leo asubuhi, Madam. Ilikunywa hii maji jana. Nani anauza sumu hapa? Si mimi."

Kijana mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Tubomoe hii kitu maji iishe! Na yeye arudi kwao!"

Njoroge akageuka. "Kwetu ni wapi?" akauliza. Hakupiga kelele. "Mama yangu amezikwa pale juu, nyuma ya miti. Nyinyi mlibeba jeneza. Niambieni kwetu ni wapi."

Majembe hayakushuka. Sisi wa huku tunajua maneno ya "arudi kwao" huwa yanaishia wapi. Na chini ya ule ukuta wa bwawa kulikuwa na nyumba za watu, na watoto, na kitalu cha chai. Ukuta ukibomolewa maji yangepita juu yao.

Nilifanya kilicho katika uwezo wangu: nilitoa vifaa. Mashine ya kupima hewa iliyomo majini ikaniambia hewa ipo ya kutosha. Sikuiamini. Nilijua mvua ya mawe inaweza kulipoza bwawa ghafla, maji ya juu yakazama, na yale mazito ya chini yasiyo na hewa yakapanda, samaki wakakosa pumzi. Lakini saa sita mchana, upepo ukiwa umeshavuma, mashine isingeonyesha tena. Niliangalia nikaona kambare wako hai, na kambare anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo nikafurahi kwamba nimepata jibu. Halafu nikaona vyura waliokufa ukingoni, na vyura nao wanavuta hewa ya juu. Jibu likaniponyoka. Na yule ndama je? Daktari wa mifugo niliyemwita alisema inaonekana ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe, lakini akasema "inaonekana". Na mvua ya mawe ilikuwa imenyesha mwaka uliotangulia bila hata samaki mmoja kufa.

Nilisimama pale na mashine mkononi, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa.

"Madam," Koske akasema, "wewe ndiye umesoma. Sema. Nani aliua samaki?"

Nilijua nikitaja mvua ya mawe bila ushahidi, kila upande ungesema nimehongwa na mwenzake. Nilijua pia nikitaja sumu, mtu angeumia kabla jua halijazama.

"Sijui," nikasema.

Kelele iliyofuata sijawahi kuisikia tena. Mzee mmoja aliniuliza serikali ilinisomesha kwa ajili gani. Mke wa Njoroge akaanza kulia. Kijana mwenye jembe akapiga hatua kuelekea ukutani. Hapo miguu yangu iliniambia nirudi kwenye gari, na nawaambia ukweli, niliutazama mlango wa gari lile kwa hamu. Badala yake nikavaa gambuti, nikachukua wavu wa kukokota, nikaingia majini mpaka kiunoni.

"Sijui, na siendi," nikasema. "Hawa samaki wakioza hapa, maji yatakuwa sumu kweli, hata kama hayakuwa. Nataka mtu wa kushika huu upande wa wavu, na mwingine wa kushika ule. Baba Shiru. Mzee Koske. Ingieni."

Hawakutaka. Walitazamana, halafu wakanitazama mimi, mwanamke wa umri wangu nikitetemeka majini, na nadhani walioona haya walikuwa wote wawili. Njoroge akavua viatu. Koske akaingia na viatu vyake. Kila mmoja akashika ncha yake, tukaanza kukokota. Wavu uliojaa samaki waliokufa ni mzito kuliko mnavyofikiri, na hauwezi kuvutwa na mtu anayejisikiliza mwenyewe tu. Mwanzo walivuta kila mtu kivyake, ukapinda. Mara ya tatu Koske akasema kwa hasira, "Ngoja basi!" na Njoroge akangoja. Mchana wote maneno yao yakawa ngoja, vuta, shusha. Wale vijana waliposhindwa kuvumilia kutuona tukihangaika, wakatumia majembe kuchimba shimo la kuwazika samaki.

Nilichukua chupa za maji nikapeleka maabara. Nikaweka samaki wachache hai, niliowatoa kwenye kidimbwi cha mkulima mwingine, ndani ya kizimba cha wavu, nikasema tutawaangalia. Njoroge alimtuma mtu wake awalinde, na Koske wa kwake, kwa sababu kila mmoja aliogopa mwenzake ataongeza kitu. Mimi nilikuja kila asubuhi. Samaki walikuwa wakiogelea tu, bila habari na mtu yeyote.

Lakini hakuna aliyethubutu kunywesha ng'ombe. Wanawake walikuwa wakiteka maji mtoni, mbali, wakipandisha kilima na mitungi. Asubuhi moja Koske na Njoroge walikuwa wakibishana mbele yangu, ng'ombe wa nani watangulie kunywa, na ng'ombe akifa nani atalipa. Wakiwa katikati ya maneno, Mama Kiptoo akapita nyuma yetu na ng'ombe wote wa boma lake, kimya kimya, akawateremsha mpaka ukingoni. Wakanywa. Tulipogeuka walikuwa wameshamaliza.

"Mama Kiptoo!" Koske akasema.

"Mgongo wangu umechoka," akajibu, akawarudisha nyumbani.

Ng'ombe hawakufa. Majibu ya maabara yalikuja muda mrefu baadaye, yakisema hakuna kilichopatikana katika vitu tulivyoomba vitafutwe. Tafadhali wekeni hilo akilini, vijana: hiyo si sawa na kusema hakukuwa na kitu. Tulipanda vifaranga wengine. Wavuvi wakarudi. Duka la Njoroge halikuguswa, na sikusikia tena mtu akimwambia arudi kwao, angalau si kwa sauti. Mimi moyoni nilibaki na mvua yangu ya mawe, na vyura wangu waliokataa kukubaliana nayo.

Mwaka huu nilipostaafu, mlinifanyia ile sherehe pale uwanjani mwa ofisi. Mnakumbuka wazee wawili waliokuja kwa pikapu moja na kuketi meza moja, wakigawana kipande cha kuku? Ndio hao. Baada ya hotuba Koske alinivuta pembeni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Madam, nilitaka kukushukuru kabla sijafa. Siku ile ulijua ni Njoroge, lakini ulinyamaza. Ungesema, vijana wangemwua. Mimi nilimsamehe zamani. Ni rafiki yangu."

"Mzee, sikujua. Nafikiri ilikuwa ile mvua ya mawe..."

Akatabasamu, akanipigapiga mkono, akaenda kutafuta chai.

Kabla sijapumua Njoroge alikuwa hapo. Alizungumza kwa sauti ya chini, macho yakimfuata Koske kwa upendo. "Madam, mimi najua unajua. Ulimfichia yule mzee aibu yake. Mtu wa kanisa, angeiweka wapi sura? Mimi sijawahi kumwambia. Nimesamehe, ikaisha."

"Baba Shiru, nisikilize. Mvua ya mawe inaweza..."

"Sawa, sawa, Madam," akasema, kwa upole ule ambao mtu humpa mgonjwa.

Nikabaki nimesimama na sahani ya keki. Watu wawili waliosameheana, kila mmoja kwa kosa ambalo mwenzake, nadhani, hakulifanya. Nadhani. Sikujua kama niwarudie niwaeleze mpaka waelewe, na wakielewa, sijui wangebaki na nini. Mama Kiptoo alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi, akiwa na mkoba mapajani, akingoja pikapu. Nikaenda nikaketi karibu naye. Nilifikiri huyu angalau, aliyeshusha ng'ombe wake majini bila kumwuliza mtu, alikuwa na akili yake.

"Mama," nikamwuliza, "wewe siku ile ulifikiri ni nani aliua wale samaki?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Mimi? Si ni wewe? Wewe ndiye ulikuja kumwaga vitu kwa maji yetu." Pikapu ikapiga honi. Akasimama taratibu, akaweka mkono wake begani kwangu. "Lakini usijali, Chelangat. Tulikusamehe."